Mtoko wa kwanza baada ya daraja: nani anachagua hoteli?

Ujumbe uliozua mjadala huu uliingia kwenye simu ya studio jioni, bila salamu. "Tumewasiliana miezi minne. Sasa anataka tuonane Mwanza Jumamosi. Amesema atanipokea stendi, hoteli atachagua yeye. Niende?" Aliyeandika ni binti wa miaka 22 wa upande wa Buchosa. Tuliusoma hewani bila kutaja jina wala kijiji, na kabla wimbo uliofuata haujaisha simu zilikuwa zimejaa.

Wengi walijibu kwa neno moja, aende au asiende. Wachache sana waliuliza kile ambacho sisi tulidhani kingekuwa cha kwanza: hoteli ipi, na saa ngapi?

Tuanze na neno lenyewe, maana linachanganya. Mama anayepika wali maharage chini ya bati pale senta ameandika ubaoni "hoteli". Jengo la ghorofa lenye vitanda na bafu nalo ni hoteli. Mtu akikwambia "tukutane hotelini" amesema kweli kwa maana zote mbili, na wenye haraka zao wanalipenda neno hilo kwa sababu hiyo hiyo. Sisi hapa tunazungumzia mahali pa kula: kwa mama lishe, mgahawani, kibanda cha chipsi, baa yenye jiko la nyama choma. Mahali penye kitanda tutapagusa pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale tuliyosimuliwa wiki hii yaliharibikia huko.

Miaka michache nyuma swali la binti huyu lingekuwa na sura nyingine. Kwa watu wa Sengerema, Buchosa na Geita, Mwanza ilikuwa ng'ambo ya maji. Unafika Busisi, unapanga foleni, unasubiri kivuko kikupeleke Kigongo, na siku ikiwa mbaya saa mbili zinakwisha unatazama ziwa. Kurudi jioni ilikuwa kubahatisha. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye jina la J.P. Magufuli, urefu wake kilomita 3, na sasa gari linavuka kwa dakika chache tu. Habari zake tumezitangaza sana: samaki wanaofika sokoni wakiwa wabichi, malori yasiyolala njiani, wagonjwa wanaowahishwa Bugando. Watu wawili waliojuana kwenye simu, ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, hatukuwataja hata mara moja.

Kumbe nao daraja limewagusa. Wasikilizaji watatu tofauti, wanawake wawili na mwanamume mmoja, walitusimulia jambo linalofanana kuhusu enzi za kivuko. Mnakutana mjini mchana, mnakula, mnaongea, mwenzako anakuchelewesha kwa maneno matamu, halafu anatazama saa na kusema: eh, kivuko hutakiwahi tena. Hapo swali la pa kulala linajiuliza lenyewe, na gesti inakuwa jibu ambalo hakuna aliyelitamka. Mmoja wa wanawake hao alisema mpaka leo hajui kama siku ile walichelewa kweli au walicheleweshwa.

Kisingizio hicho kimekufa kwa sehemu kubwa. Mtu wa Sengerema anaweza kuondoka asubuhi, akala mchana Mwanza, na jua likazama yuko nyumbani. Kwa hiyo leo mtu akikuita mtoko wa kwanza saa kumi na moja jioni, na anajua unatoka mbali, saa hiyo ameichagua yeye. Kivuko hakipo tena cha kubeba lawama.

Sisi tunaona saa ina uzito kuliko jina la mgahawa. Huku kwetu karibu na ikweta jua halina masihara: mwaka mzima linazama karibu saa moja jioni, na giza halichelewi kuingia. Mtoko wa usiku unamfaa mwenye chumba mtaa wa pili. Anayetoka kijijini hesabu yake lazima ianzie nyumbani na kurudi nyuma: bodaboda ya mwisho kutoka barabara kuu hadi kijijini ni saa ngapi? Gari la kufika hapo barabarani je? Kwa wengi wenu hesabu hiyo inaangukia kukutana saa sita mchana, ikizidi sana saa saba. Chakula cha mchana hakina sifa ya mapenzi kama cha jioni, tunakubali, hata kwenye tamthilia hatuoni mtu akiposwa juu ya ugali wa saa saba. Lakini mtu akikupenda saa saba mchana, atakupenda na usiku.

Halafu kuna nauli.

Hili liliwaka kuliko yote. Wanaume walipiga simu wakilia kuliwa nauli: ametuma hela, na ya kutolea juu, kisha namba haipatikani. Wanawake nao walisema nauli ni kamba. Ukishatumiwa, unafika pale ukiwa na deni, na mwenye deni hachagui meza. Pande zote mbili zina ukweli. Ila tuliloligundua kwenye simu hizo ni kwamba karibu kila aliyeumizwa, mwanamume au mwanamke, nauli ya kwenda ilishughulikiwa. Ya kurudi ndiyo haikuwepo. Binti anatumiwa ya kwenda, anaambiwa ya kurudi atapewa huko huko. Huko huko ndiko wapi, na atapewa saa ngapi, na kwa sharti gani?

Nauli yenyewe si siri. LATRA ndiyo inayopanga, na inapiga kwa kilomita. Desemba 2023 nauli ya basi la daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kila kilomita. Geita hadi Mwanza hakufiki kilomita 150, kwa hiyo kwa kiwango hicho safari moja haifiki shilingi 8,000. Anayedai 40,000 "za usafiri" kutoka Geita ana hesabu nyingine kichwani. Na anayejiita mfanyabiashara mkubwa mjini lakini hawezi kusubiri wiki mbili ili wewe ujikusanyie nauli yako mwenyewe, naye mtazame vizuri.

Tunajua kuna watakaosema ni rahisi kwetu wa studio kuongea hivyo. Kuna msimu pamba haijauzwa, mpunga uko shambani, na elfu kumi haipo nyumbani. Basi asiyekuwa na nauli asisafiri. Amwambie mwenzake aje yeye. Mwanamume mmoja wa Katoro alitupigia akasema mtoko wake wa kwanza alipanda gari yeye mpaka Sengerema mjini, wakala wali na samaki mita chache kutoka stendi, akarudi saa tisa. "Nilitaka nione kama ananipenda mimi au anapenda mji," alisema. Wameoana. Hatusemi kila atakayepanda gari ataoa, ila tulipenda hesabu yake.

Swali linalofuata hapo ni hili: kwa nini basi wasikutane karibu, pale senta ya kijijini, wakaokoa nauli na muda?

Jibu mnalijua. Ukikaa kwenye benchi la mama lishe wa kijijini na kijana mgeni, hujamaliza soda baba yako ana habari, na ikifika jioni shangazi amekuja kuuliza mahari. Kijijini hakuna mtoko wa kwanza, kuna uchumba au kuna aibu. Mtu anayetaka tu kujua kama mwenzake ana adabu, kama anamsikiliza, kama picha aliyotuma ni yake, hana mahali pa kujaribu. Ndiyo maana vijana wanakimbilia mjini, na wakifika huko wanaendelea kujificha, safari hii nyuma ya mlango. Hofu ya kuonwa na jirani inawapeleka mahali ambapo hakuna anayewaona kabisa.

Haya yana mfano wa karibu sana. Januari 2024, jijini Nairobi, wanawake wawili waliuawa kwa kupishana siku chache, kila mmoja ndani ya chumba cha kupanga kwa muda mfupi. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Huku kwetu vyumba vya namna hiyo si vingi nje ya miji, tuna gesti. Lakini mlango uliofungwa ni ule ule, na asiyejua jina lako la kweli hawezi kukutafuta.

Tunachopendekeza ni mahali pa katikati: pawe pamejaa watu, na watu hao wasiwe majirani zako. Wazee walikuwa napo. Mzee mmoja wa Kwimba alipiga simu akasema, "Mwanangu, nyinyi mnahangaika na migahawa, sisi tulikuwa na mnada." Ana hoja. Siku ya mnada hakuna anayeuliza kwa nini umevaa vizuri. Watu wametoka vijiji kumi, nyama inachomwa, kuna chai, kuna wauza mitumba, na mkikaa kwenye mabenchi ya nyama choma saa saba mchana hamna tofauti na wanunuzi wa ng'ombe. Ukichoka na maneno ya mwenzako unainuka kwenda kutazama kanga, na hakuna atakayekushika.

Au angalau ndivyo ingepaswa kuwa. Tulimkumbusha mzee wetu kuwa mnada huo huo, na ngoma hizo hizo, ndiko ilikoendeshwa chagulaga. Kwa wageni wa kanda yetu: ni mila ya vijana wa Kisukuma, ambapo kundi la wavulana linamfuata binti, linamzunguka, na kumtaka achague mmoja wao. Jina lenyewe maana yake ni chagua. Wapo wanaoikumbuka kama mchezo wa vijana, na wapo akina mama waliotuambia walikimbia mpaka viatu vikabaki njiani. Wanaharakati wameipiga vita kwa miaka, na sisi tuko upande wao. Binti alikuwa na ruhusa ya kuchagua yeyote kati ya waliomzunguka, isipokuwa hakuwa na ruhusa ya kukataa wote akaenda zake.

Sasa rudini kwenye ule ujumbe wa Buchosa. "Atanipokea stendi, hoteli atachagua yeye." Hakuna kundi la wavulana hapo, kuna kijana mmoja mwenye lugha nzuri na pengine nia nzuri pia. Lakini binti akishuka Nyegezi akiwa hana nauli ya kurudi, hajui anapelekwa mtaa gani, chaji imebaki kidogo na saa ni kumi na moja, amezungukwa. Kuulizwa "utakula nini, chagua chochote" hakumwongezei uhuru wowote.

Kuchagua mahali kwa pamoja si jambo gumu kama linavyosikika. Mmoja anataja sehemu mbili tatu anazozijua, mwingine anachagua, tena siku kadhaa kabla, si kwenye bodaboda. Anayetoka mbali apewe sehemu iliyo karibu na gari lake. Kwa wanaokuja kwa barabara ya darajani ni migahawa ya jirani na stendi ya Nyegezi. Kwa wanaovuka na kivuko cha Kamanga, ambacho kinakushusha katikati ya jiji, ni zile za pale mjini kati ambazo unaweza kurudi kivukoni kwa miguu. Watu wanaodharau migahawa ya stendi kwa kelele zake wanasahau kuwa kelele hizo ni za mashahidi. Mwenzako akipinga kila sehemu yenye watu, na kila anayopenda yeye iko "ndani ndani kidogo, pametulia", umeshapata jibu lako bila kupanda gari.

Chakula chenyewe tusikirefushe, isipokuwa mambo machache tuliyocheka nayo hewani. Kanda hii ina Wasabato wengi, ina Waislamu wengi, na bado kuna mtu anampeleka mgeni wake wa kwanza kwenye kitimoto bila kuuliza. Msabato hali nguruwe, na kambale pia hali kwa kuwa hana magamba, na Jumamosi mchana anayoipenda kila mtu ndiyo siku yake ya ibada. Uliza kwanza. Sato mzima ni heshima ya ziwa letu, lakini miiba yake inataka mikono miwili na akili yote, na mtu anayepambana na mwiba hawezi kujibu swali la umekulia wapi. Pili, sato mzima ana bei. Sahani ya wali maharage au chipsi mayai inatosha kabisa kumjua mtu. Anayekucheka kwa kuagiza maharage amejitambulisha mapema.

Na bili? Mila yetu inasema aliyealika analipa, na kwa kawaida mwaliko unatoka kwa mwanamume. Hatuna ugomvi na mila hiyo. Ugomvi wetu ni na ile sentensi inayofuata baadaye, "nimekugharamia". Nenda na hela ya kulipia sahani yako, hata kama hutaitoa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ambayo vifungu vyake viliingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu, inaangalia ridhaa. Chipsi kuku hazimo. Na kama anayekuja kukutana nawe ni mwanafunzi, hakuna mgahawa wa kuchagua. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa ujauzito mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mwache asome.

Wanaume wasidhani makala hii ni ya mabinti tu. Wachimbaji wawili wa upande wa Geita walitusimulia kuamka kesho yake bila simu, bila pesa, na namba ya siri imeshatumika. Walikunywa kinywaji ambacho hawakukiona kikifunguliwa. Mmoja alisema hakwenda polisi kwa sababu ya aibu. Basi agizeni soda au maji yafunguliwe mbele ya macho yenu, na ukienda msalani ukirudi agiza nyingine. Ile uliyoiacha mezani iache ikae hapo.

Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho wengi mnacho mkononi na hamkitumii. Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo kila laini inayofanya kazi ina jina la mtu. Unapotaka kutuma pesa, jina hilo linatokea kwenye simu yako, hata ya kitochi, kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, kisha kama hutaki kutuma ghairi. Miezi minne anajiita jina moja na laini inasema lingine? Pengine ni laini ya kaka yake. Muulize, usikie anavyojibu. Ujumbe wa kitapeli wa kudai pesa unaweza kuupeleka namba 15040 ya TCRA. Na mambo yakiharibika kweli, namba ya dharura ni 112, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo kazi yake ni kusikiliza kesi za namna hii.

La mwisho ambalo wasikilizaji walilisisitiza kuliko sisi: mtu mmoja ajue. Asiwe lazima mama, kama kwa mama hapasemeki. Dada, binamu, rafiki wa kwaya. Ajue jina la mgahawa, namba ya huyo mtu, na saa unayopaswa kuwa umepanda gari. Mama mmoja wa Magu alisema yeye na wenzake wana utaratibu: ikifika saa tisa lazima simu ipigwe, na ikipokelewa neno la kwanza ni "mtoto anaendeleaje?" Jibu likiwa "amelala", mambo ni salama. Likiwa "anaharisha", mwenzao anaanza kupiga simu kila baada ya dakika mbili mpaka aliyeko kule mezani apate sababu ya kuondoka.

Jumatano yule binti wa Buchosa alituandikia tena. Alimwambia kijana wakutane saa sita na nusu, mgahawa mmoja karibu na Nyegezi ambao dada yake aliwahi kufanya kazi ya uhudumu. Kijana alinyamaza siku mbili. Kisha akajibu sawa, ila anauliza kwa nini mapema hivyo, na je, anakuja peke yake. Amemjibu anakuja na binamu yake ambaye atakaa meza nyingine na kujilipia. Nauli ya kwenda na kurudi ameshaitenga, ameuza michembe ya mama yake kwa ruhusa.

Tulimuuliza atakula nini. Alisema chochote, lakini si sato.